Unyevu Wote ni Mali ya Kaunti

Wananchi mnatangaziwa, kwa furaha isiyo kifani, kwamba unyevu wote utakaopatikana ndani ya nyumba za watu sasa ni mali ya kaunti. Sababu iko wazi. Sisi tumetangazwa kuwa wakavu, na wafadhili hutujia kwa ajili ya ukavu huo. Mtu akifuga unyevu chumbani anatuharibia jina.

Mimi, Ebenyo, ndiye Afisa wa Unyevu, makao makuu Lodwar. Nilikabidhiwa kofia na kipima unyevu. Kwa muda mrefu kipimo hakikusoma chochote cha maana, jambo lililothibitisha kwamba kazi yangu inafanikiwa.

Ndipo nikafika Kakuma, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini aitwaye Agot. Chini ya kitanda chake palikuwa na karai lenye mfuniko, na ndani yake mchanga mbichi na mayai meupe. Kipimo kikaruka hadi asilimia themanini na tano. Nilitetemeka kwa uzalendo.

"Mama, hii ni nini?"

"Ejok, afisa," akanisalimu kwa Kiturkana. "Ni mayai ya chatu. Majirani waliua mama yao. Kwetu, ukoo yetu na chatu ni ndugu. Nikiacha hii ikufe, nitaambia wazee nini? Sasa funga mfuniko!"

"Nafanya ukaguzi."

"Ukifungua-fungua, unyevu inatoka, yai inabonyea."

Nilifungua tena ili nihakikishe. Akanipiga kofi mkononi, kisha akachukua kikombe cha maji yake ya kunywa na kumwaga kidogo pembeni mwa karai. "Maji ni ya mchanga. Ukimwagia yai yenyewe, inaoza." Moyo uliniuma kidogo, nikaukemea, maana nilikuwa kazini.

Mkurugenzi wetu, Bwana Lomorukai, aliamuru mayai yaletwe Lodwar kama kielelezo cha unyevu uliokamatwa, awaonyeshe wafadhili waliotarajiwa kesho yake. Agot aliandamana nayo, karai mapajani, yasigeuke njiani.

Ofisini kuna kiyoyozi. Isitoshe, kila idara ilituma mjumbe kufungua mfuniko, ajionee. Agot aliongeza maji ya mtungi wake, kiyoyozi kikayanywa. Kufikia alasiri mayai yalianza kubonyea, na machozi yakamlenga mama wa watu.

"Mwana wa nyoka ni nyoka," alisema Mkurugenzi. "Lakini kielelezo kikiharibika, wageni nitawaonyesha nini? Ebenyo, tafuta mahali penye unyevu."

"Mkubwa, unyevu ni marufuku."

"Basi tafuta mahali pa marufuku!"

Lazima nikiri kwamba ofisi yetu haina uzoefu wa mayai. Sisi hulalia mafaili. Mengine tumeyalalia miaka, na hakuna hata moja lililopasuka.

Tukazunguka mji. Kanisani, kukavu. Kando ya mto Turkwel, kukavu. Tulipopita nyuma ya nyumba ya Mkurugenzi mwenyewe, kipimo kikapiga kelele. Mkewe, Namuria, akatoka na kutukaribisha. "Wekeni kwa stoo. Huko ndio kuna ubaridi mzuri."

Stoo ilijaa mapipa ya maji, wazi juu, yameandikwa MSAADA LOKIRIAMA, kule kwenye kiu kali. Asilimia themanini na tisa! Agot akaweka karai, akafunga mlango, akaketi kizingitini. Mimi, mtumishi mtiifu, sikuona mapipa. Niliona unyevu tu.

Mkurugenzi alipopata habari alikuja mbio kuhamisha mapipa. Agot hakubanduka. "Ukifungua, unyevu inatoka." Walibishana mpaka kiza kikaingia, na Agot akalala pale pale.

Asubuhi wageni walifika, nikawaleta stooni waone kielelezo, na Agot akawafungulia mlango. Ndani, mayai yalikuwa yakipasuka, vichwa vidogo vikichungulia. Agot alicheka kwa sauti, na wageni wakapiga makofi. Kisha wakasoma mapipa.

"Haya ni maji ya Lokiriama?"

"Si maji," alisema Mkurugenzi, jasho likimtiririka. "Ni… unyevu."

"Unyevu wa nani?"

Nikasimama wima, nikamsaidia. "Wa kaunti! Mkubwa alisaini tangazo mwenyewe."

Mapipa yalipakiwa kwenye lori mbele ya majirani, yakaenda kwa wenyewe. Mkurugenzi alibaki mlangoni, koo limemkauka kwa kujieleza. Akaomba maji. Namuria akasema hakuna hata tone.

Agot aliinamisha mtungi wake, akajaza nusu kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mkubwa. Pole pole. Hiyo ingine ni ya watoto."