Ombi la Kutoliona Jengo Letu la Mungaa

Saada Mselemu,
Kwa Mzee Mselemu, muuza mabati,
Sokoni, Singida.

Mwenyekiti,
Kamati ya Ithibati ya Vyuo vya Masafa,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Leo ni Jumatano, tarehe 17 Mei 2006, na nimeapa kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale yanayotuaibisha wenyewe, ili usije ukasema baadaye kwamba hukuambiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa mjini. Jioni ni katibu wa wanafunzi wa Mwangaza, chuo cha elimu ya dini kwa njia ya mtandao. Tuko kumi na mmoja. Mkuu wa chuo, ambaye pia ndiye mwalimu pekee, ni Ustadh Abdulrazaki. Anakaa Tanga na hatujawahi kumwona. Masomo yake yanakuja kwa barua pepe katika intaneti kafe ya kaka Laurian karibu na stendi. Mimi nayachapisha, natoa kopi, na za wenzetu wa Manyoni na Mitundu nawakabidhi makondakta wa mabasi. Siku za mgao wa umeme elimu inalala mpaka umeme urudi. Hilo silalamikii, maana si kosa lenu.

Ninayolalamikia ni haya:

1. Kusubiri kwenyewe. Tuliomba ithibati mwezi wa Februari mwaka jana. Mkaagiza kwamba kila karatasi ya chuo iandikwe chini, "Chuo hiki kinasubiri ithibati." Tuliandika. Lakini Singida ni mji mdogo, na maneno yenu yametoka chuoni yakaingia mitaani. Mwenzetu Abdillahi anachinja na kuuza kuku wa kienyeji pale stendi. Amechinja miaka sita na hakuna aliyemuuliza neno. Alipofaulu somo letu la kuchinja kwa alama tisini na mbili, akafurahi, akabandika cheti ukutani, na wateja wakakisoma mpaka mstari wa chini. Sasa abiria wa mabasi ya Mwanza wanachungulia madirishani na kumuuliza kama kuku wake nao wanasubiri ithibati. Mwenzetu Anifa ameletewa posa, lakini wajomba zake wanasema imepokelewa na inasubiri ithibati. Juzi mama alimuuliza mdogo wangu wa kike kama maharage yameiva, akajibiwa hivyo hivyo. Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi ni katibu.

2. Sharti la nne. Fomu yenu ina masharti kumi na mawili, yote ya lazima. La nne linataka choo: tundu la wasichana, tundu la wavulana, na la walimu peke yake. Ustadh aliwaandikia kwa adabu kwamba chuo chake kiko ndani ya kompyuta na kwamba wanafunzi wanajisaidia majumbani kwao. Mkamjibu kwa mstari mmoja kwamba choo ni lazima kionekane kwa macho. Mheshimiwa, sisi tumelelewa kutii. Hatukubishana. Tulichimba.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanvua, alitupa kipande cha shamba lake la uwele kule Mungaa. Wenzetu wa Manyoni walikuja na sururu, wa Mitundu wakaja na miti. Fundi Hosea, ambaye ni mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri na si mwanafunzi wetu, alijenga kwa siku nne na kuuliza mara tatu tu ni nani hasa atakayekitumia. Tundu la walimu, kwa kuwa mwalimu ni mmoja na yuko Tanga, tulilitia kufuli, tukamtumia ufunguo kwa barua ya rejista. Amejibu kwamba umefika salama na anautunza.

Tulipoanza kutii hatukuweza kusimama. Sharti la tano ni uzio, tukapanda minyaa. La sita ni mlingoti wa bendera. La saba ni uwanja wa mpira, tukasimamisha magoli mawili, ingawa wanafunzi wa kiume ni watano na mmoja wao ana goti bovu. La nane ni chumba cha darasa chenye paa la bati. Tulifyatua tofali za udongo likizo nzima. Mabati alituazima baba yangu kutoka dukani kwake, kwa masharti kwamba ithibati ikikataliwa atakuja kuyang'oa.

3. Ukaguzi. Mkaguzi wenu, Bwana Bonifasi, alifika mwezi wa Machi. Sina lawama naye. Alikuja na vumbi mpaka kwenye kope, na jambo la kwanza alilofanya ni kukitumia choo. Alikisifu, akaandika sifa hizo katika kitabu cha wageni, na kitabu kipo. Halafu akauliza kompyuta iko wapi. Tukamwambia iko mjini kwa kaka Laurian. Akauliza umeme uko wapi. Bibi akamwonyesha jua. Alikula kuku wa Abdillahi bila kuuliza habari za ithibati, akapanda gari.

4. Barua yenu ya tarehe 3 Aprili. Inasema kwamba chuo chetu kina darasa, uwanja, mlingoti na choo kizuri kuliko vya vyuo vingi, kwa hiyo si chuo cha mtandao, na hatukustahili kujaza fomu tuliyojaza. Tuombe upya kama chuo cha kawaida, kwa kuanzia mwisho wa foleni, au tuliondoe darasa. Tulipiga simu kwenu kuuliza: tukiliondoa darasa, choo nacho tukiondoe? Karani alijibu kwamba choo ni lazima. Nimelifikiria jibu hilo kwa siku nyingi. Kwa mujibu wa Kamati, chuo kamili cha mtandao ni choo kilichosimama peke yake katika shamba la uwele.

5. Sahihi ya baba. Hili ndilo linaloniuma, ingawa nimeliweka mwisho. Fomu yangu ya kuchagua vyuo inatakiwa irudi shuleni tarehe 30 Juni ikiwa na sahihi ya mzazi. Chaguo langu la kwanza ni chuo cha ualimu. Sijawahi kutaka kitu kingine tangu darasa la tatu, nilipokuwa nikiwafundisha kuku wa nyumbani kuhesabu. Baba anataka nikae dukani. Hata hivyo ni mtu wa haki, tukapatana: nikimletea cheti kinachotambuliwa na wakubwa, atajua kwamba kuna watu wengine wanaoamini kichwa changu, na atasaini. Nilimpelekea cheti cha Mwangaza, alama themanini na nane. Alikisoma polepole mpaka mstari wenu wa chini, akanirudishia. "Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "na sahihi yangu nayo inasubiri."

Kwa sababu hizo tano, Mheshimiwa, ombi letu ni dogo. Tunaomba Kamati isilione jengo letu la Mungaa.

Hatuombi upendeleo. Kwa miezi kumi na mitano Kamati imeweza kutoona chuo ambacho kipo. Kutoona chumba kimoja cha tofali za udongo, kwa muda wa kugonga muhuri tu, hakuwezi kuishinda. Ikiwa taratibu zinadai ukaguzi mwingine, Bwana Bonifasi atumwe tena. Bibi Mwanvua ameahidi kumwekea kiti kinachotazama uwele, na wanafunzi wote watasimama mbele ya jengo kwa kubanana. Akitaka kwenda chooni tutampitisha nyuma ya minyaa.

Kama hilo nalo halikubaliki, basi tutabomoa kwa mikono yetu wenyewe. Jumamosi hii tunakwenda kupima tuanzie upande gani. Baba ameshaambiwa, atakuja na pikapu kuchukua mabati yake. Choo tutakiacha kama mlivyoagiza. Kuhusu magoli tunaomba mwongozo.

Wanafunzi wote wanakusalimu, hasa wa Manyoni, kwa kuwa wao ndio waliochimba. Bibi Mwanvua anamsalimu Bwana Bonifasi na anauliza kama alifika salama. Fundi Hosea anasalimu Kamati nzima na anasema kazi yake ina dhamana ya miaka kumi. Nisalimie nyumbani kwako, pamoja na yule karani wa simu, ambaye alikuwa na sauti ya upole.

Ni mimi mtiifu wako, ninayesubiri,

Saada Mselemu
Katibu wa wanafunzi

Nyongeza, Jumapili tarehe 21 Mei.

Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa sufuria kwa sababu niliapa kueleza kila kitu, na jana yametokea mengine.

Tulifika Mungaa asubuhi na sururu zetu. Darasani tukakuta wanawake thelathini na mmoja wamekaa sakafuni, wengine na watoto mgongoni. Bibi Mwanvua alikuwa amewaambia majirani kwamba serikali imekuja na gari kuangalia shule, na wao wakahesabu Jumamosi zinavyopita, wakaona mwalimu anachelewa, wakaja kumsubiri. Nikawaeleza kwamba hii si shule ya kweli, ni sharti la nane. Mama mmoja, Febronia, akaniambia kwamba yeye ni Mkatoliki na mambo ya kuchinja hayamhusu, ila angependa kusoma jina lake kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na amekuja kwa mguu tangu alfajiri. Wenzangu wakanitazama mimi. Nikaweka sururu chini. Hatukuwa na chaki, nikaandika kwa mkaa kwenye mlango. Nilianza na jina la Febronia, kisha majina ya wengine kwa zamu.

Tulikuwa tumefika jina la kumi na tisa wakati baba alipofika na pikapu yake na ngazi. Sikumwona. Abdillahi ndiye anayesema kwamba baba alisimamisha ngazi ukutani, akapanda vipandio viwili, akasikiliza, akashuka, akavua kofia, akakaa chini ya dirisha kwa nje mpaka nikamaliza thelathini na moja. Nilipotoka nikamwambia, shikamoo baba, tutakusaidia kuyashusha. Akainuka na kofia yake mkononi.

"Yaache mabati, Mwalimu," akasema. "Wanafunzi wako watapigwa na jua."

Halafu akauliza fomu yangu iko wapi. Ilikuwa ndani ya daftari, maana siiachi. Akatafuta mahali palipo sawasawa pa kuandikia, akapapata kwenye mlango wa choo cha Ustadh, ambao Hosea aliupiga randa vizuri kuliko yote, akatia sahihi hapo, kwa kubonyeza sana. Leo amepeleka Mungaa boksi zima la chaki.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, malalamiko ya kwanza hadi ya nne bado ni ya kweli, lakini ombi sijui tena nilifanyeje. Mkitupa ithibati kama chuo cha mtandao, darasa linabomolewa. Mkitukatalia, kwa mapatano ya awali baba lazima ang'oe mabati, naye ni mtu wa kushika neno lake hata likimuumiza. Tumeketi wote kumi na mmoja, pamoja na Febronia aliyealikwa, tukaona kwamba tuko salama katika hali moja tu, nayo ni hii tuliyo nayo.

Naomba basi unijibu kwa posta ya kwanza: je, Kamati inaweza kuendelea kutuchelewesha?