Kompyuta Isiyoamkia Wazee

Jumatatu, 1 Machi 2004

Kabichi za Mgeta zimeshuka na lori asubuhi, nusu zimepondeka. Si hilo lililonishtua.

Kompyuta imekuwa bubu.

Niandike vizuri. Mimi Yustina utotoni sikukaa darasani hata siku moja. Kalamu nilishikia ngumbaro, shule ya watu wazima, mvi zimeshaanza, na mwalimu alituambia jambo likikukaa kifuani liandike, uanze na siku. Hili limenikaa.

Mjukuu wangu Josephina anatafuta kazi kwa Parag. Parag amenunua kile kinu cha alizeti kilichokuwa cha serikali. Makarani wazee amewakuta na madaftari yao, akawaletea kompyuta, akasema wazijue kabla ya Pasaka au wakapumzike nyumbani. Anataka somo ndani ya sidii. Kioo cha kompyuta kirekodiwe kinavyokwenda, na sauti ya mtu ielekeze humo humo, ili karani arudierudie mpaka aelewe. Wanaoshindana ni wawili, Josephina na Kasimiri wa ng'ambo ya barabara. Watasikilizwa Ijumaa.

Josephina akishindwa, mwanangu aliyeko Mwanza ameshamwambia aende akauze dukani kwake. Mwanza! Mtu huenda huko mara moja, akirudi ana watoto watatu na anaongea kama mgeni. Mimi sijasema kitu. Nimemwambia tu kwamba huko samaki ni wengi.

Sasa leo amerekodi somo la kwanza. Mshale unatembea kiooni, madirisha yanafunguka, sauti hakuna. Amegonga spika, amezima, amewasha. Kimya. Amelia, akasema ana mafua.

Nashangaa, maana jana tu ilikuwa inaongea, na jana hiyohiyo nimeitunza kuliko mtoto. Nimeifumia kitambaa. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, kompyuta ikae uchi kwa sababu gani? Nilichomoa nyaya nyuma ya kisanduku ili kitambaa kipite, nikazirudisha. Waya wa pinki tundu la kijani, waya wa kijani tundu la pinki. Rangi zimepishana, zimependeza mpaka nikaita jirani aone.

Kwa hiyo kosa halitoki nyumba hii. Kosa linatoka kwa Cecilia.

Jumanne, 2 Machi

Cecilia ni bibi yake Kasimiri. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu huko milimani. Mtani anaweza kukutukana msibani ukacheka. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe na huna pa kushtaki. Hiyo ndiyo ngazi niliyopandia.

Nimekwenda kwake na kabichi moja, ile iliyopondeka sana, nikisema nimekuja kumjulia hali. Kumbe nakagua. Nimeshtuka. Kompyuta yao inaongea! Inapiga na muziki! Mbele yake kimesimama kijiti kichwa cheusi, ndiyo maiki, Kasimiri anakisemesha kama padri.

Cecilia akaniuliza yetu imefikia wapi. Nikamwambia inaendelea. Akasema amesikia ni bubu.

"Kama marehemu mume wako," akasema. "Siku ya posa alitikisa kichwa tu, tukadhani amekubali."

Nikamjibu kwamba wa kwake aliongea sana, ndiyo maana Mungu alimwita mapema apumzike. Tumecheka mpaka amekaa chini. Alipokwenda kunichotea uji, na Kasimiri ametoka, nikachukua maiki nikaitia ndani ya kanga. Huo si wizi, ni utani.

Nyumbani Josephina ameichomeka palepale ilipokuwa yetu. Bubu vilevile. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema nimepewa.

Mara hodi. Cecilia. Hakukaa. Ameingia jikoni, ameinua sufuria ya njegere motoni pamoja na mwiko, ametoka nayo kichwani akiimba. Tumekula ugali na chumvi. Sina pa kushtaki.

Jumatano, 3 Machi

Leo nimeshtuka mara tatu.

Mara ya kwanza, adui ameingia ndani kwa mlango. Kasimiri, na shikamoo yake, na sufuria yangu imeoshwa. Amefuata maiki. Badala ya kuichukua aende zake akamwuliza Josephina tatizo ni nini, na Josephina, mtoto wa binti yangu, akamweleza yote. Nimekohoa mpaka koo limeuma, hakuna aliyenitazama.

Kijana akafunua kitambaa, akachungulia nyuma. Akacheka. Akasema spika imechomekwa tundu la maiki na maiki tundu la spika, kwa hiyo mdomo uko sikioni na sikio liko mdomoni. Kila waya una rangi ya tundu lake, pinki kwa pinki, kijani kwa kijani. Akauliza nani aligusa.

Nikasema labda umeme. Umeme wa siku hizi unakatika na kurudi kwa nguvu, huwezi kujua unagusa nini.

Akazichomoa akazipanga upya. Akasema na hicho kitambaa kinaziba pumzi ya mashine, kitolewe. Nimeshtuka mara ya pili. Kazi ya mikono yangu, wiki nzima! Nilipotazama, Josephina alikuwa ameshakikunja.

Spika zikaongea. Lakini kurekodi, bado hakuna sauti. Picha tu. Wakakaa wawili mbele ya kioo, mabega yamegusana, wakafungua vidirisha vya sauti kimoja baada ya kingine. Josephina ndiye aliyeona. Mahali pa kuchagua sauti itoke wapi, kompyuta ilikuwa imechaguliwa kusikiliza sidii, si maiki. Ilikuwa inasikiliza kitu kisichokuwamo. Akabadilisha, akaondoa na kijitiki kilichokuwa kimeiziba mdomo, akaniambia, Bibi, sema neno.

Nikasema sina neno.

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke mkali, nzito, ikisema haina neno. Nikauliza huyo ni nani anayenijibu kwa jeuri. Wakasema ni mimi.

Hiyo ndiyo ya tatu. Si sauti yangu. Ni ya marehemu mama, alipokuwa akituita kutoka shambani, upande wa pili wa bonde. Nimetoka nje kidogo nikajifanya naanua nguo.

Kasimiri ameondoka, maiki yake ameisahau. Huyu si msahaulifu. Huyu ni jasusi.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Bati letu linapiga kelele mpaka huwezi kusikia sala yako mwenyewe. Josephina amerekodi, kumbe imeingia mvua tupu, kama somo la kukaanga vitumbua. Ametundika mablanketi ukutani, hayakusaidia. Tumengoja ikatike.

Ilipokatika nikachukua mchi wa kutwangia nikasimama barabarani. Mwenye baiskeli ya mikate nimemshusha akaisukuma kwa mkono. Wanafunzi nimewapitisha kwa ncha za vidole. Jogoo wa Cecilia nimemkamata nikamfunika kwa tenga. Cecilia akaniuliza toka dirishani kama nimeajiriwa trafiki. Sikumjibu. Narekodi!

Josephina amemaliza masomo matatu, kushika mausi, kufungua, na kuandika. Bado la nne, kuhifadhi kazi na kuzima. Akanisikilizisha.

Sijapata kuona. Sauti nzuri, safi, lakini inaanza hivi, "Shika mausi. Bonyeza kushoto." Basi! Hakuna hodi, hakuna shikamoo, hakuna habari za asubuhi. Atakayesikiliza ni Mzee Stephano, karani wa mizani tangu kinu kinafunguliwa, aliyembeba mama yake Josephina kwenda kubatizwa. Mtoto wa juzi amwambie bonyeza!

Nimemweleza. Akasema, Bibi, ni kompyuta, haisalimii, na nafasi ndani ya mashine ni ndogo, kila dakika inakula. Nikamwambia adabu hailiwi na mashine. Akanibusu shavuni akaenda mjini kununua sidii tupu.

Nikakaa. Nilikuwa nimeona anavyofanya. Kuna kidude chekundu, unakibonyeza mara moja inaanza, mara ya pili inaacha.

Nimebonyeza. Nimepiga hodi. Nimenyamaza, wajibu. Nimewaamkia, nimenyamaza. Nimeuliza habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, kila swali nimeliachia nafasi yake, maana mtu haulizwi akazibwa. Makarani nawajua wote, nimemwuliza kila mmoja la kwake. Stephano nimemwuliza goti. Nimewaambia wasiogope mausi, hana meno. Mwisho nimewaambia siri moja ndogo, nikawaomba waifiche. Nimekunywa chai, nimerudi nikawaaga.

Nilipobonyeza mara ya pili ikataka jina. Jina gani tena? Ngumbaro tulianza na a. Nimeandika a.

Josephina amerudi umeme unafumba na kufumbua. Akajaribu somo la nne, mashine ikakataa. Imejaa. Hakuelewa imejaa nini. Hakuwa na muda wa kutafuta, akaingiza vyote vilivyokuwamo kwenye sidii kabla umeme haujaondoka, akasema kuhifadhi na kuzima atawaeleza kwa mdomo.

Nimetulia kama maji ya mtungi.

Ijumaa, 5 Machi

Nitaandika kwa kifupi.

Nimekwenda kinuni na kikapu cha plamsi, nikaketi nje chini ya dirisha la chumba cha kompyuta. Cecilia alikuwa ameshafika, na kigoda chake.

Wameanza na ya Kasimiri. Muziki, kisha bonyeza hapa, bonyeza pale, mpaka kuzima. Imekamilika, sikatai. Makarani wamekunja mikono. Parag akauliza kama wameelewa. Ndipo Mzee Stephano akasema, "Hii haijatuamkia."

Cecilia akanitazama. Mimi nikatazama plamsi.

Ikawekwa ya kwetu. Kompyuta inapanga kwa herufi, kumbe, na a hutangulia. Kioo kimesimama, mshale umesimama, halafu sauti ya mama yangu ikapiga hodi.

"Karibu!" wakajibu wote. Wazee wazima! Nikasikia viti vinavutwa, wamesimama. Ikawaamkia, wakaitika. Ikauliza mvua, wakaieleza mvua. Ikamwuliza Stephano goti, na Stephano akaanza na mwaka alioanguka kwenye mizani. Nafasi niliyomwachia haikumtosha, sauti ikaenda kwa mwingine, Stephano akalalamika kwamba Yustina hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Parag alikuwa akiuliza huyu mwanamke ni nani na yuko wapi. Hakuna aliyekuwa na muda naye.

Kisha ikaja ile siri. Nilikuwa nimesahau kwamba Josephina yumo chumbani.

"Huyu binti ni mjukuu wangu. Mkimkataa ataenda Mwanza, nami nitabaki na kuku. Simzuii. Lakini asubuhi nikikosa sauti yake ukumbini, hiyo nyumba sitaijua tena. Msimwambie."

Cecilia amenishika mkono. Amenishika kwa nguvu, yule mchawi, na hakusema utani wowote, hapo ndipo niliposhtuka kweli.

Masomo matatu yakapita. Wameshika mausi, wameandika majina yao, wanachekana. Ikaisha. Stephano akauliza inazimwaje. Josephina akafungua mdomo aeleze, sauti haikutoka. Zamu hii bubu alikuwa yeye. Analia.

Parag akasema ya Kasimiri ina mwisho na haina mwanzo, ya Josephina ina mwanzo na haina mwisho, na wazee wake hawatakaa mbele ya kitu kisichowaamkia. Basi Josephina aje mwenyewe kila asubuhi, awaamkie kwa mdomo wake na awafundishe. Kasimiri atatunza mashine. Na huyo bibi wa kwenye sidii, akasema kwa adabu lakini akasema, asikanyage chumba cha kompyuta.

Tumerudi kwa miguu. Josephina alibeba kikapu. Tulipofika darajani akasimama.

"Ungeniambia tu, Bibi."

Nikamwuliza ningemwambia nini. Nikamwambia atazame njia, kuna tope. Amecheka, amenishika kiuno mpaka nyumbani.

Jumapili, 7 Machi

Nimetoka misani nina raha. Kumbe kila kitu kilikwenda sawa kwa sababu nilisimamia mwenyewe.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Ijumaa niliinuka nikachungulia dirishani. Zile mashine za Parag ziko uchi! Zote! Nyaya zinaning'inia nyuma kama utumbo wa mbuzi, mbele ya wazee na heshima zao. Na ndiko mjukuu wangu atakakokaa.

Nimetoa nyuzi. Cecilia nimempa sindano ya pili, anafuma vibaya lakini anafuma haraka, na sufuria nyingine ya njegere nimemwachia kwa hiari. Anasema Kasimiri alimkataza mambo ya vitambaa. Nikamwambia vijana wana maneno mengi, yule alipokifunua cha kwangu umeme ulikuwa umeshatulia wenyewe.

Parag alisema nisikanyage chumbani. Nitavua viatu. Mlinzi ni mtu wa Mgeta, mama yake namjua, kesho atanifungulia kabla makarani hawajafika. Nitachomoa nyaya taratibu, nivishe mashine moja moja, nizirudishe zote mahali pake, pinki kwenye kijani, kijani kwenye pinki. Josephina akifika aone jinsi palivyopendeza.