Lam Yakun Mbele ya Kamati

Wananchi wa Pemba walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba usahaulifu nao sasa umepata wakubwa wake: Kamati Kuu ya Usimamizi wa Usahaulifu, mwenyekiti Bwana Abdulsamad. Dawa ilikwishashuka bandarini Wesha ndani ya sanduku la barafu. Ni dripu ya kingamwili, askari wa kufagia taka zinazoziba ubongo. Haiponyi, huchelewesha tu, tena kwa mgonjwa aliye mwanzoni.

Bi Mwatum akamuwahisha mumewe, Maalim Mjaka, aliyesomesha Kurani chuoni umri wake wote. Asubuhi nyingi bado alimwita mkewe kwa jina lake. Nyengine alimwita kwa jina la marehemu mama yake. Bi Mwatum alitaka zile za jina lake zisiishe.

Kamati ikanywa soda, ikasoma kanuni. Mwombaji aje mwenyewe bila kukumbushwa. Maalim kaletwa, basi maradhi yameshavuka mwanzo.

"Na angekuja mwenyewe?" akauliza Bi Mwatum.

"Tungemkataa, bibi. Huyo mzima."

Mwenyekiti akaeleza kwa fahari kwamba kanuni haina tundu, na kwa wanakamati ni kali zaidi: atakayekwama mbele ya mashahidi katika jambo alilolihifadhi, huyo mgonjwa, na saini zake zote zinabatilika.

Maalim muda wote alikuwa akimkazia macho.

"We Abdulsamad. Njoo hapa."

Miguu ya mwenyekiti iliinuka kabla ya cheo chake kupata habari. Akabusu mkono, akakaa chini na tai yake, kama mtoto yeyote wa chuoni.

"Soma Lam Yakun, ile sura niliyokuhifadhisha."

Akasoma. Sura ilipokata kona akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Wajumbe wakachungulia chupa zao.

Katibu Widad, mtiifu wa kanuni, akainua kalamu. "Nimuandike mgonjwa, mheshimiwa?"

Mwenyekiti akazifikiria saini zake zote, za safari na za posho. Akamuuliza Bi Mwatum kwa upole kama alisikia chochote.

"Nimesikia, mwanangu. Na mimi sisahau."

Papo hapo Kamati ikabaini kuwa Maalim alikuja mwenyewe, tena ni mgonjwa wa mwanzoni kabisa. Mkewe alikuwa na safari zake, njia ndiyo iliyokuwa moja. Sindano ikaingia kabla ya adhuhuri.

Dripu huenda polepole. Muda wote huo mwenyekiti alikuwa sakafuni, akirudia. Alipokwama tena, Maalim akanyoosha mkono usio na sindano.

"Mwatum, nipe bakora yangu."

Bi Mwatum hakuwa na bakora. Akampa mwavuli.