Kondoo Zizini, Chui Mwituni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nina miaka sabini na sita. Nimelizika shamba la mkonge lililomleta baba yangu kutoka Songea. Nimezika wenyeviti wa kitongoji watatu, na daktari aliyeniambia niache chumvi. Mafuriko yalibeba kitanda changu, yakapita, mimi nipo. Cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho ukutani, mchwa wamekula pembe tu. Nayasema mapema asije mtu akaniambia sijui kitu.

Leo mjukuu wangu Imani, kidato cha pili, karudi na shairi. Katunga mwalimu wake wa Kiswahili, Hildegarda. Atakayelichambua kuwapita wenzake atakwenda Mikumi Jumamosi ya wiki ijayo kushindana na shule nyingine. Na gari la shule lina nafasi ya mzazi mmoja. Anakaa mbele! Anapewa wali na soda ukumbini! Mimi sijaalikwa popote tangu uzinduzi wa kisima, na kisima chenyewe kilikauka. Nafasi hiyo ni yangu.

Shairi nimelinakili hapa. Herufi zangu zimenyooka kama reli.

*Kiangazi yu mnyonge, kama kondoo zizini,*
*Hata mbuzi amgonge, yeye yu usingizini,*
*Masika, nani apinge? Ni kama chui mwituni,*
*Hula shamba, hula konge, hulala hadi chumbani.*

Swali: ni nani au nini anayesemwa? Eleza tashbihi na taswira zinazokinzana. Imani kanifafanulia. Tashbihi ni kufananisha kitu na kingine kwa neno "kama". Taswira kinzani ni picha mbili zinazopingana, huku kondoo, kule chui. Upuuzi! Serikali inalipa mshahara watu wafundishe "kama"! Mimi sisemi "kama". Nasema jambo moja kwa moja, kama risasi.

Imani akasema, "Babu, huu ni mto." Nikacheka mpaka jino likauma. Mto una manyoya? Mto una mkia? Mto umewahi kugongwa na mbuzi? Akasema kiangazi maji huwa machache, mbuzi wanaingia kunywa. Akasema masika mto hufurika, unaingia hadi vyumbani, hata kitanda changu uliondoka nacho. Nikamwambia kitanda changu tukiache, kile kilikuwa cha mninga.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelipata. Shairi linamsema Bonifas!

Bonifas ni jirani yangu, mstaafu wa reli, ana miwani, basi anadhani ana akili. Kiangazi hana chakula, anapita mlango kwa mlango mpole kama kondoo, anauliza habari za nyumbani huku anatazama jikoni. Masika mahindi ya shamba lake la Munisagara yakianza kukomaa, hasalimii mtu. Chui! Kila mstari umemkaa kama kofia. Konge sijui linaingiaje, ila mtu huyo anakula chochote.

Nikamwambia Imani aandike hivyo. Akakataa. Nikamwambia vyema, basi kesho nitakwenda shuleni kumweleza mwalimu mwenyewe, mbele ya darasa, nimevaa koti. Akaandika. Analia kidogo, lakini anaandika. Elimu ina machungu yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbili kati ya ishirini! Na hizo mbili ni za mwandiko.

Mwalimu kasoma jibu letu darasani. Watoto wamecheka mpaka wa darasa la jirani wakaja madirishani. Imani hakula mchana, hakula jioni. Mke wangu Sikuzani kaniambia mtoto ana hamu ya Mikumi kuliko mimi, na yeye ndiye anayesoma, kwa hiyo niondoe mkono wangu. Waliofeli watapewa mtihani mwingine wa shairi lile lile Jumatano, na nafasi ya Mikumi bado iko wazi. Nikasema sawa. Sikuondoa.

Nikakaa na shairi lile peke yangu. Nikalisoma kwa kidole.

Si Bonifas. Ni mimi!

Konge! Baba yangu alikata konge. Usingizini! Mimi mchana hujinyoosha kibarazani, kila mtu anajua. Na mbuzi! Mwezi wa sita beberu la jirani Filipo lilinigonga mbele ya duka, nikaanguka juu ya ndoo ya dagaa, kitongoji kizima kikaona. Habari ya chumbani sitaijibu, nina wajukuu.

Sasa naelewa. Huyu Hildegarda ni mtu wa Iringa, na mimi ni wa Songea. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakageuka watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Lakini na wewe unaruhusiwa kuchukua kitu chake waziwazi, akakaa na kiu mpaka aje kukikomboa kwa maneno matamu. Ndivyo tulivyolelewa. Msibani nimewahi kuondoka na sufuria la pilau la mtani, na marehemu angekuwa hai angenishangilia.

Mwalimu kanichokoza. Atajua.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyumba za walimu ziko nyuma ya shule. Nimekwenda mchana kweupe, maana utani haufanywi kwa kunyata. Nikapiga hodi, kimya. Watu wote wamekwenda mnadani. Uani jogoo mwekundu, mnene, anatembea kama diwani. Nikamkamata. Nikatoka naye nikiimba kwa sauti kwamba mtani kanitukana, mtani nimemchukulia. Hakuna aliyesikia isipokuwa mbwa.

Nikangoja hadi alasiri mwalimu aje kukomboa. Hakuja. Jogoo anapiga kelele, Sikuzani yuko kwa dada yake. Nikamchinja.

Harufu ikamleta Bonifas. Kaingia na "hodi" moja tu, kakaa. Kala paja, kala na mgongo. Nikamweleza habari yote ya utani, akasema mila oyee, akaramba vidole. Mara hii moja nikamwona mtu mwenye maana.

Jumatatu, 11 Agosti

Bonifas ni nyoka.

Nimeitwa shuleni. Jogoo hakuwa wa Hildegarda! Alikuwa wa mkuu wa shule, Onesphory. Onesphory ni wa Bukoba. Songea na Bukoba hatujawahi kupigana, kwa hiyo hatuna utani wowote. Bila vita jogoo ni jogoo tu, na aliyemchukua ana jina lake. Aliyetoa taarifa ni mzee mmoja wa miwani, mstaafu wa reli. Paja bado liko tumboni mwake!

Nikamweleza mkuu wa shule kuhusu tashbihi. Akasema hata mwizi ana maelezo. Akasema hadi suala la jogoo limalizike, Imani hataufanya mtihani wa Jumatano.

Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa polepole. Imani alikuwa keshasikia. Hakulia, hakuninunia. Kanisalimia "Shikamoo, babu", shikamoo kavu kama muhogo wa juzi, kisha siku nzima hakuna neno jingine. Kavua sare, kaikunja, kaiweka chini kabisa ya sanduku. Mimi nimevumilia njaa ya mwaka sabini na nne. Ile shikamoo sijui.

Sikuzani karudi kutoka kwa dada yake. Hakupiga kelele. Kaniuliza tu, "Jemedari yuko wapi?"

Jemedari ni jogoo wangu. Miguu ya njano, kilemba kama moto. Nimemlea tangu akiwa yai.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi na mapema nimempeleka Jemedari kwa mkuu wa shule. Sikuzani alitembea nyuma yangu kama mtu anayeswaga mbuzi. Watu wakatoka milangoni. Bonifas alikuwa kwenye kibaraza chake, miwani inang'aa, kasema, "Mzee mwenzangu, huyo naye mmeshindana tashbihi?" Nitamkumbuka.

Wengine watasema niliomba radhi. Si kweli. Nilisema "naomba yaishe", na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Mkuu wa shule kampokea Jemedari, kampima kwa mikono, kasema mtoto afanye mtihani, ila babu abaki nje ya uzio. Hildegarda alikuwepo. Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamwitikia marahaba nusu. Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Kasema, "Mtani wangu, ungeuliza basi mlango ni upi!" Kasema shairi ni la mto, na kama angetaka kunitukana mimi asingehangaika na vina. Maneno ya mtu aliyebanwa hayo.

Nikabaki nje ya uzio. Nilikuwa nimemwambia Imani nitakohoa mara moja kama ni kondoo, mara mbili kama ni chui. Akaomba kuhamishiwa dawati la ukuta wa mbali.

Ijumaa, 15 Agosti

Imani kapata kumi na nane, kawapita wote! Kaandika ni mto. Mwalimu kampa alama kwa huruma. Lakini Mikumi anakwenda, na hilo ndilo tulilotaka.

Nikapiga pasi koti. Nikapaka viatu mafuta ya kupikia. Ndipo barua ikaja: mzazi atakayeongozana naye ni bibi yake, Sikuzani.

Nikamfuata mkuu wa shule hadi kwake. Uani Jemedari kanitazama kama asiyenijua. Mkuu wa shule kasema gari lina nafasi ya mzazi mmoja, halina nafasi ya mzazi mmoja na kesi zake.

Sawa. Barabara si ya shule.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefika Mikumi! Juu ya lori la mahindi, juu ya magunia, koti na yote. Nilishuka mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka. Mlinzi wa ukumbi kauliza mwaliko. Nikamwambia mwaliko umekaa mbele kule, umevaa kitenge cha kijani, ni mke wangu. Kanizuia. Nikazunguka dirishani.

Watoto wanapanda mmoja mmoja. Wanasema "taswira", wanasema "kinzani", watu wanapiga makofi kama wameona maji ya bomba. Kisha Imani. Kalieleza shairi la mto vizuri, sauti haitetemeki. Nikampa kiwiko mtu wa kando yangu dirishani, nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha.

Ndipo jaji, mama mmoja mkali, akamuuliza swali la mwisho. Mtu anaweza kusema shairi hili linajipinga: kitu kimoja kitakuwaje kondoo na bado kikawa chui? Atoe mfano mwingine, usiwe wa mto, usiwe wa kitabuni.

Imani akashika sketi yake kwa mikono miwili, vile anavyoishika tangu mdogo akiogopa radi. Jaji akatazama saa. Nikaona Mikumi inatutoka, na mtoto anarudi kuikunja tena ile sare.

Mimi si mtu wa kutazama. Nikaingiza kichwa dirishani, nikanguruma, "Ni Bonifas! Sema ni Bonifas! Akiwa na njaa ni kondoo, akishiba ni chui, na paja la jogoo kala yeye!"

Ukumbi mzima ukageuka. Walinzi wakaanza kuja. Mtu mzima nikawaambia hakuna wa kunigusa, mimi nimezika wenyeviti watatu!

Sikuzani pale mbele hakusimama. Aligeuza shingo, akanitazama. Basi.

Nikaketi. Chini pale pale, kwenye vumbi, chini ya dirisha. Miguu iliniuma kwa sababu ya lori.

Nilichosikia baadaye nilikisikia kutoka chini. Imani alianza kuongea, taratibu. Kasema, "Mheshimiwa jaji, mfano umekuja wenyewe. Yule ni babu yangu. Sasa hivi alinguruma kama chui. Bibi kamtazama tu, kaketi kama kondoo. Mtu ni yule yule, na zote mbili ni kweli. Kilichobadilika si yeye, ni kilichomkuta. Na mto ni hivyo hivyo. Mshairi hajajipinga. Ametuonyesha mvua bila kuitaja."

Kisha ukumbi ukapasuka. Watu wamepiga meza, jaji mkali kavua miwani kufuta machozi. Hildegarda alikuwa anaruka kama mtoto.

Nafasi ya kwanza. Imani wangu!

Mkuu wa shule kaniruhusu kurudi na gari. Nyuma, pamoja na masufuria. Imani kaacha kiti chake, kaja kukaa na mimi kwenye masufuria. Kaniletea wali umefungwa kwenye kanga ya bibi yake. Kasema, "Kula, babu." Soda ilikuwa imeisha. Vumbi limeniingia machoni barabara nzima, macho yanatoka maji tu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya misa nimepita nyumba kwa nyumba kuwajulisha watu kwamba mbele ya ukumbi mzima wa Mikumi nimeitwa chui, na jaji akakubali. Mfano ulioshinda ni mimi. Bila mimi dirishani, Imani angesema nini? Hildegarda tumekutana njiani, kasema mwezi ujao watoto wanakwenda Morogoro na shairi jipya, na kwa hisani yangu nisilitafute. Ndiyo kusema limenihusu tena. Nimeshamwambia Imani alilete nilitazame. Kasema atafikiri. Amesema huku anacheka, kwa hiyo ni ndiyo.

Lile la kwanza, nimelirudia usiku. Sasa nina hakika ni Bonifas.

Jemedari anawika kwa mkuu wa shule. Namsikia hadi hapa, ananiita. Nimeulizia taratibu, nikaambiwa mke wa Onesphory kwao ni Iringa. Iringa! Basi jogoo yule ana nusu ya utani. Kesho watakuwa shuleni wote, na mlango safari hii naujua.

Haya yote ni kweli tupu. Shahidi wa kwanza ni Bonifas, ambaye Mikumi hakuwepo, kwa hiyo hana cha kubisha. Shahidi wa pili ni mke wangu Sikuzani, aliyekaa mbele kabisa. Muulizeni habari za chui. Za kondoo msimuulize.