Mkanda wa Supachaja na Kifungu cha Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku tano tu! Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mjini Kakuma, Umoja wa Wanafunzi wa Vyuo wa Turkana utamchagua mwenyekiti. Mwenyekiti huyo ni mimi, Ekuru, isipokuwa historia ishikwe na wazimu. Mpinzani ni mmoja: Nawoi wa Lorugum, msichana asiyepaza sauti hata anapodai haki. Tena huchelewa. Laga za kwao, ile mito ya msimu, zikijaa maji humzuia, naye huingia mkutanoni kimyakimya wenzake wakiwa wamekwisha kuhutubu. Ndiyo maana mwezi Mei niliandika kwa mkono wangu Kifungu cha Kumi na Nne cha katiba yetu: mgombea asiyeitika jina lake likisomwa ataondolewa, ijapokuwa amechelewa dakika moja, bila udhuru wa aina yoyote. Kilipita kwa makofi. Nawoi mwenyewe alipiga makofi. Maskini!

Mimi sitachelewa. Gari dogo aliloniachia mjomba alipohamia Juba sasa lina supachaja, mtambo unaoisukumia injini hewa kwa nguvu hadi ingurume kama lori la jeshi. Aliyeufunga ni Dieudonné, fundi Mkongo mwenye gereji kule Kakuma. Mkanda mmoja wa mpira huzungusha kila kitu: supachaja, pampu ya maji, pampu ya usukani, oltaneta ya kuchaji betri, kiyoyozi. Dieudonné alitaka kuweka puli kubwa, yaani gurudumu linalopitisha mkanda kwenye supachaja. Niliamuru ndogo, maana puli ikipungua, mtambo huzidi kasi. Akasema mkanda hautastahimili. Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo walivyoambiwa wanyonge wote wa dunia.

Leo, majaribio kutoka hapa Lodwar katika barabara ya Kakuma. Kilomita tatu za utukufu! Kisha mlio kama wa bunduki. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Mshale wa joto ukapaa. Nilifungua boneti: mkanda ulikuwa umechanika nyuzinyuzi, mithili ya mkia wa punda.

Na nani apite wakati huo? Nawoi, nyuma ya pikipiki ya kaka yake.

"Ejok, mheshimiwa," akanisalimu Kiturkana. "Kumbe mabadiliko yanasukumwa?"

Akashuka, akasukuma. Akasukuma kweli, hadi mlangoni mwa Nyanya ninayekaa naye, viatu mkononi. Nilishika usukani na kumwelekeza. Kila mtu na kipaji chake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Dieudonné. Amesema nisiwashe injini kabisa, kwani pampu ya maji haizunguki. Amesema pia kwamba nirudi kwenye puli kubwa. Nimekataa kurudi nyuma. Historia haina gia ya rivasi. Basi, akasema, nimpelekee mkanda wa zamani aulinganishe na mpya.

Nikatoka uani kuuchukua. Laiti nisingetoka! Nyanya Namuria alikuwa ameukata vipande saba na kuwafungia wanambuzi. Nyanya akasifu mpira ule: haukatiki, na mbuzi hawautafuni. Nikamweleza kwamba umekatika tayari, na ndicho kiini cha mgogoro. Akanikumbusha kwamba mbuzi ni wake.

Dieudonné akashauri njia nyingine: nichukue uzi, niupitishe juu ya puli zote kama mkanda unavyopita, niukate unapokutana, nimtumie. Uzi! Uzi wa kiwanda cha nchi gani? Nilimhutubia kwa muda kuhusu utegemezi wa kifikra. Kisha nikaingia kwa Nyanya na kuchukua kamba ya ngozi mbichi ya mbuzi aliyechinjwa Jumapili. Ilikuwa ngumu kukunjika, nikailoweka kwenye ndoo. Ikalainika kama mkufunzi mbele ya maandamano. Nikaizungusha juu ya puli zote, nikaivuta barabara, nikaikata. Kipimo cha Kiafrika kwa injini ya Kiafrika!

Ekiru wa bodaboda alikuwa akienda Kakuma. Ameifunga kwenye usukani wa pikipiki ipigwe jua na upepo, isije ikavunda njiani. Kijana ana akili.

Jumatano, 6 Agosti

Dieudonné amenipigia saa tano.

"Mukubwa, hii kipimo iko mufupi," akasema. "Uko hakika ni ya hii gari?"

Nikamuuliza kama anatilia shaka jiometri. Akasema hapana, anatilia shaka kamba. Nikamwamuru achague mkanda unaolingana na kamba, sentimita kwa sentimita. Kisha akasema atafanya nilivyosema, lakini niandike mahali fulani kwamba yeye alisema. Nimeandika.

Mchana nimepokea habari ya kuchefua. Nawoi ataondoka kwao Ijumaa na kulala Kakuma kwa rafiki yake Adhel! Siku moja kabla! Sijawahi kuona hila ya namna hii katika siasa za vyuo. Madhumuni ya Kifungu cha Kumi na Nne ni kwamba achelewe. Kama kila mgombea atajiondokea mapema anavyotaka, sheria tunaziandika za nini?

Nimemaliza hotuba. Kurasa kumi na tisa. Neno "mnyororo" limetokea mara arobaini na moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkanda umefika na Ekiru, pamoja na kamba yangu. Nimeufunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nimejaribu kuufunga, niseme. Unapungua upana wa vidole vinne. Vinne!

Nikaulaza mkanda kando ya kamba. Sawasawa kabisa. Kwa hiyo mkanda hauna kosa, na kamba haina kosa. Limebaki jibu moja tu la kisayansi: injini imekua. Chuma hutanuka kwa joto, na Lodwar leo ilikuwa kikaango. Nimeifunika injini kwa magunia yaliyolowa na kuketi kando yake nikisubiri isinyae.

Nyanya alikuja na mkongojo wake, akauliza ninaombolezea nani. Nikamweleza. Alicheka hadi akaketi chini.

"Ngozi mbichi ikikauka hurudi, ikawa fupi," akasema. "Hata mbuzi mwenyewe anajua."

Nikamwambia kwa heshima kwamba hiyo ni elimu ya ufugaji. Hii ni umakanika.

Ijumaa, 8 Agosti

Alfajiri injini ilikuwa baridi kama kisima. Bado vidole vinne. Ama kweli chuma cha siku hizi hakina adabu.

Lakini fikra haifungwi! Nimegundua kwamba mkanda ukiiruka puli ya kiyoyozi, njia inakuwa fupi. Nani anahitaji kiyoyozi? Wanyonge wana kiyoyozi? Hata hivyo ulibana. Haukutaka kupanda puli ya mwisho. Nyanya akaleta pembe yake ya mafuta ya mbuzi, akapaka ukingo kidogo. Ukateleza, ukakaa! Machozi yalinilenga.

Nilidhani tumemaliza. Nyanya akasema chombo kipya hakitoki bomani bila kubarikiwa. Akapaka mkanda wote, ndani na nje. Akapaka kila puli. Akapaka paji la uso wangu. Akaomba safari yangu iwe laini. Mimi ni mtu wa sayansi, lakini hakuna chuo kinachofundisha namna ya kumkatalia Nyanya Namuria. Nikawasha. Hakuna mlio hata mmoja! Laini kama maziwa.

Nyanya ameshauri niondoke leo hii, nilale Kakuma. Nimekataa katakata. Kuwahi ni kazi ya makarani. Nitaingia kesho saa nne kasoro dakika tano, mngurumo ukinitangulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa Kakuma, mikono ikinuka mafuta ya mbuzi.

Niliondoka saa moja, nipate muda wa kuuzungusha mngurumo mjini kabla ya kuingia. Kilomita kumi za kwanza, sawa. Kisha mafuta yakapata moto. Mkanda ukaanza kulia kama nguruwe aliyekanyagwa, ukiteleza juu ya puli bila kuzizungusha. Supachaja ikalala. Pampu ya maji ikalala. Boneti ikafuka harufu ya nyama choma. Wachungaji watatu walinisimamisha na kuuliza ni ya nani na imeiva kiasi gani.

Mshale wa joto ulipanda. Nikafungua hita hadi mwisho ili kuipunguzia injini moto. Moto wote ukanijia mimi. Nilipitwa na lori la mbuzi. Mbuzi walinitazama. Nilipitwa na bodaboda yenye abiria watatu na godoro. Nilisimama mara sita kuipoza injini. Zikisalia kilomita mbili, mkanda ukachomoka, ukatoka chini ya gari, ukaning'inia kwenye mwiba kando ya barabara kama nyoka aliyechoka.

Nikakimbia. Koti la hotuba, kurasa kumi na tisa, mafuta ya mbuzi yakitiririka kutoka paji la uso hadi machoni. Niliingia ukumbini saa nne na dakika saba.

Dhieu, mwanafunzi kutoka Sudan Kusini anayesimamia uchaguzi, alikuwa anafunga daftari. Nilieleza habari ya mkanda. Akasikiliza kwa upole, akafungua katiba, akasoma Kifungu cha Kumi na Nne chote. Sikujua kwamba nimeandika vizuri kiasi kile. Kila tundu la kupenyea nilikuwa nimeliziba mimi mwenyewe!

Pigo kubwa likafuata. Adhel akaninong'oneza kwamba Nawoi alikuwa ameomba kikao kizima kinisubiri nusu saa. Alikuwa amesimama, akatetea, kwa mara ya kwanza akapaza sauti. Dhieu alimjibu kwamba katiba haina huruma, mwandishi wake aliiondoa. Nawoi amepita bila kupingwa.

Nilimkuta nje. Alinipa maji ya kunawa uso.

"Mimi nilitaka nikushinde kwa kura, Ekuru," akasema. "Sasa sitajua kamwe kama ningeweza."

Nilinawa uso. Nikajipangusa kwa hotuba, kurasa zote kumi na tisa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi Lodwar. Kwa saa kadhaa jana nilikuwa karibu kutubu. Dieudonné alivuta gari hadi gereji, akafuta mafuta yote, akafunga puli kubwa, akapima kwa uzi wa mshonaji, akaweka mkanda. Akaulaza ule uzi kando ya kamba yangu: uzi ulizidi vidole vinne na zaidi. Alikohoa tu.

Nawoi ameniteua Katibu wa Uchukuzi. Jumamosi hii ataapishwa, na amenikabidhi kazi ya kuwafikisha Kakuma wajumbe wanne wa Lodwar. Amesema ananiamini. Aliyasema hayo mbele ya watu, bila kejeli, nami nikaapa kwamba safari hii hakuna atakayechelewa.

Gari lilikuja hadi nyumbani kwa saa moja na nusu. Bila moto, bila moshi, bila mlio. Kimya! Hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka kulitazama. Je, hivi ndivyo wajumbe wa wananchi wanavyosafirishwa? Kama magunia ya unga?

Nimetafakari kwa kina na kulibaini kosa. Puli ile ndogo haikuwa ndogo vya kutosha. Leo asubuhi nimeitoa kubwa na kufunga nyingine, ndogo kuliko ya kwanza. Mkanda wa Dieudonné sasa umelegea, kwa hiyo nahitaji mpya.

Kuhusu kipimo, nakiri hadharani: nilikuwa na haraka. Ile ngozi ililowekwa nusu saa tu. Hii mpya imelala ndooni usiku kucha, laini ajabu, na nimeipima mara tatu. Ekiru ameondoka nayo sasa hivi. Ameifunga juu kabisa ya usukani, panapopiga jua vizuri.

Nyanya anajaza pembe yake.