Viatu vya Dhahabu na Wageni wa Vidoleni

Jumatatu, 4 Machi
Nyinyi vidole vya mguu wa kushoto, hamna adabu! Harusi ya mjukuu wangu ni Jumamosi, ndiyo kwanza mnaanza kuchubuka, kuwasha na kunuka. Viatu nimeshanunua: vya wazi, rangi ya dhahabu. Bibi wa bwana harusi katangaza kwamba vyake vina kisigino. Mimi nishindwe na yule? Thubutu!

Mpango ninao. Mzee wangu alipoumwa jino alibakiza vidonge vya rangi mbili. Nimevipasua, unga nimechanganya na mafuta ya mgando, nimejipaka. Mzee akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia akili yangu. Akacheka mpaka akapaliwa. Vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Mguu wa kulia nao umeanza! Bila shaka dawa ilikuwa kidogo. Nimeongeza.

Alhamisi, 7 Machi
Duka la dawa. Nikajifanya namuulizia jirani. Mama muuzaji akatazama chini, akasema basi huyo jirani avue soksi. Aibu! Nikamtajia na vidonge vya mzee. Akanipa somo: vile vidonge ni vya kuua bakteria, na hawa wangu ni fangasi, ukoo mmoja na uyoga na hamira. Bakteria ni wadogo zaidi, kila mmoja kama nyumba ya chumba kimoja, vitu vyote vimerundikwa humo humo. Fangasi ana chumba cha ndani anakofungia mambo yake, na kuta zake ni za udongo mwingine. Dawa ya kubomoa kuta za yule haimgusi huyu.

Nikamwambia hayo nayajua. Hamira! Miaka yote naumua mkate, leo ndugu zake wanahamia miguuni kwangu.

Kanipa krimu. Eti nivumilie wiki kadhaa. Wiki!

Jumamosi, 9 Machi
Nimevaa viatu vya dhahabu. Na soksi. Bibi wa bwana harusi akauliza, meza nzima ikisikia, kama baridi imenishika miguuni tu. Nikamjibu ndiyo mtindo wa sasa. Mjukuu wangu akajifunika uso kwa shela. Picha zote nimesimama nyuma ya kapu la maua.

Jumatatu, 8 Aprili
Vidole vimepona, laini kama vya mtoto mchanga! Habari za wadudu hawa sasa hakuna wa kunifundisha. Krimu imebaki nusu, na mzee kaota jipu shingoni, jekundu, lina usaha. Anataka kwenda kwa yule mama wa duka la dawa. Eti majipu ni kazi ya bakteria, eti mimi mwenyewe nilimsimulia tofauti yao. Amekuwa daktari lini? Dawa iliyoshinda ukoo mzima wa uyoga, ishindwe na vijitu vya chumba kimoja?

Mzee, acha ubishi. Vua shati, kaa kwenye stuli, inamisha shingo!