Kashindye Bado Hajageuka

Jumatatu, 3 Machi

Modesta amerudi kazini. Likizo ya uzazi imekwisha, Darasa la Tatu linamsubiri. Mimi ni dalali wa nyumba, ofisi yangu ni simu, kwa hiyo tumekubaliana nibaki na binti yetu Kashindye mpaka mama yake atoke shule. Ana miezi minne. Maziwa mama yake ameshakamua, yako kwenye friji. Niyapashe kwenye maji moto, nimnyweshe kwa kikombe. Kazi gani hiyo? Mtoto atalala, mimi nitapiga simu zangu.

Hakulala. Alilia mpaka jirani yetu Yeremia akachungulia juu ya ukuta. Yeremia naye ana binti, Rose, umri mmoja na wetu. Akasema Rose ameshaanza kujigeuza, kutoka mgongoni mpaka tumboni, bila kushikwa. Akauliza, wa kwenu je?

Nikasema wa kwetu aligeuka zamani.

Zamani! Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Nimemlaza kwenye mkeka, nikatikisa kopo la kokoto upande wa kulia. Akalitazama kopo. Akanitazama mimi. Akanyonya ngumi. Nikamgeuza mwenyewe ili mwili uzoee. Akabaki uso chini kama mtu aliyedondosha sindano, kisha akaangua kilio.

Modesta anasema kila mtoto ana wakati wake, nesi wa kliniki alimwambia. Nesi haishi hapa Kiseke ukuta kwa ukuta na Yeremia.

Yeremia ameomba aje na Rose Jumapili baada ya ibada, watoto wageuke pamoja tuwapige picha. Nimekubali. Kwa nini nimekubali?

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua tatizo. Mtoto hana nguvu! Maziwa ni kama maji tu. Mimi mwenyewe bila ugali siwezi kufungua geti. Ndiyo, nesi alisema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji asipewe. Lakini sisi bibi alitulea kwa uji tangu vichanga, na tazama nilivyo.

Nikakoroga uji wa ulezi, mwepesi. Akakunja uso, akautema, mwingine akaumeza. Akalala! Akalala mchana kutwa. Nikamtembeza mteja kwenye nyumba ya Nyegezi kwa simu, chumba baada ya chumba, bila kelele hata moja. Maziwa yaliyobaki nikayamwaga kwenye mgomba, Modesta asije akauliza.

Aliporudi akaona chombo kitupu, akafurahi. "Baba Kashindye, kumbe unaweza," akasema. Nilijisikia vizuri. Karibu vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nikafikiri hivi: kama mwepesi unalaza, mzito utageuza. Nikauongeza unga.

Kijiko cha tatu akapaliwa. Uji ukatokea puani. Sauti ikakatika, uso ukabadilika rangi. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini, nikampiga mgongoni huku namwita jina lake kama vile yuko mbali. Akautoa. Akavuta pumzi. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Nikakaa sakafuni naye.

Nikafua shuka. Nikaapa uji basi. Modesta aliporudi nikamwambia siku imekwenda salama.

Jioni tumbo lake likawa gumu kama ngoma. Anajikunja. Ziwa la mama yake analikataa. Modesta anambembeleza, ananiuliza kimetokea nini. Nikasema labda ni upepo wa ziwani. Upepo!

Jumamosi, 8 Machi

Zahanati. Nesi akauliza mtoto amekula nini zaidi ya maziwa. Modesta akasema hakuna. Nesi akanigeukia mimi. Nikasema hakuna.

Akamwinua Kashindye kidevu, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya shingo. Kidole kikatoka na ulezi mkavu. Hakunigombeza. Alimwonyesha tu Modesta. Akasema tumbo lake bado changa, kifua kiko salama, anyonyeshwe tu. Akipata homa au akitapika arudishwe haraka.

 Nyumbani Modesta akaniuliza maziwa yake nilikuwa napeleka wapi. Nikasema kwenye mgomba. Akakaa chini. Kumbe huwa anayakamua stoo ya shule, mgongo ameuegemeza mlangoni usifunguliwe, wakati wenzake wanakunywa chai. Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

"Uji ningekusamehe," akasema. "Lakini mtoto anaumwa, unaulizwa na nesi, unasema hakuna?"

Akafunga nguo zao. Wamekwenda Bujora kwa mama yake. Atakuwa anakwenda kazini akitokea huko.

Jumapili, 9 Machi

Yeremia amekuja na Rose, gauni jipya, simu mkononi. Nikamwambia Kashindye amekwenda kumsalimia bibi. Akamlaza Rose kwenye mkeka wangu hata hivyo. Rose akatazama dari. Tukasubiri. Mwishowe Yeremia akasema kwa sauti ndogo kwamba Rose aligeuka mara moja tu, tena godoro limebonyea.

Ilikuwa nafasi yangu ya kucheka. Sikuweza. Walipoondoka nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia friji. Niliomba sana kimya hiki. Sasa sina pa kukiweka.

Jumatano, 12 Machi

Bujora, na sato wawili kwenye kapu. Nikamsalimia mama mkwe kwa mbali, macho chini, shikamoo mama. Akaitika marahaba, akapokea samaki. Kiti hakunipa.

Kashindye amepona. Aliponiona akacheka, fizi zote nje, bila kinyongo. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Nikamwomba Modesta msamaha mbele ya mama yake.  Modesta akasema watarudi Jumamosi.

Simu ikaita. Yeremia. Nikatoka nje, nikapanda jiwe kutafuta mtandao, nikamwambia huku mtoto anageuka kama chapati. Bado naongea, nikasikia vigelegele ndani.

Nikakimbia. Amegeuka! Mwenyewe! Bibi yake ameona, mama yake ameona, hata kuku aliyekuwa mlangoni ameona. Nikapiga magoti nikamsihi arudie. Alishaanza kusinzia.

"Ulikuwa wapi?" Modesta akauliza.

 Nilikuwa juu ya jiwe nasimulia.

Jumamosi, 15 Machi

Wamerudi! Nimembeba Kashindye kutoka barabarani mpaka ndani, sikumwachia mtu. Nimembadilisha nepi, nimempashia maziwa, hata tone halikumwagika. Kila mtoto ana wakati wake. Nimeelewa. Sitashindana na mtu tena maishani mwangu.

Jioni Yeremia akasema Rose anakaribia kukaa.

Nilijizuia. Kweli nilijizuia. Nilisema tu kwamba Kashindye anakaa tangu alipokuwa Bujora. Yeremia anakuja kumwona Jumapili ya wiki ijayo.

Beseni la kumkalisha lipo. Khanga za kumshikiza mgongo zipo. Na kesho mchana Modesta ana mazoezi ya kwaya.